Kwa Wifi Oktavia wa Yakobi, Aliyemfundisha Brightness Kufunga Vifungo

Mwaka mzima umekwisha, wifi Oktavia, tangu asubuhi ile ya tarehe 11 Juni tulipokuita nyumbani kwako Yakobi na wewe usiitike. Njombe nzima ilikuwa imeganda kwa baridi. Waliokwenda kukuchimbia kaburi walikanyaga majani meupe kwa umande ulioganda, na wanawake wa mtaa walikuja kwenye msiba na mkaa wao wenyewe bila kuombwa.

Familia imenipa mimi kalamu. Kaka yako Lameki, mume wangu, alisema mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi, kwa hiyo niandike. Kisha akaogopa. Akaniambia, "Lakini Yunisi, andika mazuri tu. Hili ni tangazo la kumbukumbu, si baraza la usuluhishi."

Nimemsikia. Mazuri nitayaandika, maana ni mengi mno. Ila siwezi kuyaandika kama mtu aliyeyaona kwa moyo mweupe. Kila zuri ulilofanya lilinichoma. Nilikuonea wivu miaka sita ukiwa hai, na mwaka huu wa saba nimekuonea wivu ukiwa kaburini, jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia.

Wivu wangu haukuwa wa mume wala wa mali. Ulikuwa wa mtoto. Brightness ni mtoto wangu wa pekee, nilimzaa mimi, Makambako, kwa uchungu wa siku mbili. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto wangu anitake mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Na yeye alikutaka wewe.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulizaliwa Ipelele kule Makete, ukaja Njombe ukiwa msichana, na kwa miaka ishirini na sita ulikuwa mpishi wa shule ya bweni. Ulivaa kofia ya sufu hata juani. Ulifika kanisani umechelewa, ukakaa nyuma, na bado sauti yako ikaizidi kwaya. Mtu akipita mbele ya mlango wako ulimwita aingie aote moto, na akishaingia hatoki bila kumenya viazi. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, mara nyingi kwa vichekesho vyako mwenyewe.

Brightness alipozaliwa, daktari alituambia ana Down syndrome. Akatueleza taratibu: misuli yake ni milegevu, atachelewa kukaa, atachelewa kutembea, atachelewa kusema, lakini atajifunza. Mimi nilisikia "atachelewa" mara tatu. Lile la mwisho halikuniingia. Nikaamua kwamba mikono yangu itakuwa ndiyo mikono yake. Nilimwogesha, nilimvalisha, nilimlisha, nilimbeba mgongoni hadi mgongo ukagoma. Nikajiona mama bora kuliko wote wa mtaa wetu.

Wewe ukaja kututembelea, mtoto akiwa na miaka saba, ukanikuta namlisha wali kwa kijiko.

"Wifi, mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Akila mwenyewe anamwaga."

"Si amwage. Wali unafagiliwa."

Nikaendelea kumlisha. Ukanitazama kijiko kwa kijiko, kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Na siku ukiugua wewe, Yunisi, nani atamlisha?"

Nilikupakulia mboga kidogo kuliko nilivyokusudia.

Jioni ile ulizungumza na kaka yako, na kabla ya chakula mambo yalikuwa yamekwisha: Brightness akae kwako miezi miwili. Kwa watu wetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na shangazi akishatia neno juu ya mtoto wa kaka yake, mama mtu hukunja uso lakini hufunga mizigo. Nilifunga mizigo. Miezi miwili ikawa miaka sita.

Wiki ya kwanza tu ukanipigia simu. Unajua kazi yangu ni kufuma masweta ya shule kwa mashine, na watoto wengi wa Makambako wanakwenda shule na masweta yangu. Kwa Brightness nilikuwa nafuma ya kuingiza kichwani tu, hayana kifungo hata kimoja, ili asihangaike. Wewe ukasema, "Nifumie sweta la vifungo. Vifungo vikubwa, matundu mapana. Silitaki la kupendeza, nataka la kujifunzia." Nililifuma nikinuna, nikaweka vifungo vitano vya bluu, vikubwa kama vizibo vya chupa.

Nilipokuja Jumamosi iliyofuata nilikuta darasa linaendelea. Ulifunga vinne mwenyewe. Cha mwisho ulikiingiza nusu kwenye tundu lake, ukamwachia akivute. Kisha ukaficha mikono yako kwapani, kabisa, kama mtu anayesikia baridi, ili isimsaidie. Mtoto akahema, akatoa ulimi, akakosa, akakosa tena. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka kwenye kiti. Ukanikata jicho nikakaa. Akakivuta, kikaingia, na mkapiga kelele nyinyi wawili hadi kuku wakakimbia.

Miezi ikapita ukamwachia viwili, halafu vitatu, kila mara ukianzia mwisho na kurudi nyuma, ili yeye ndiye amalize. Ulinieleza kwamba ndivyo ulivyowafundisha wasaidizi wako jikoni shuleni: hukumpa mgeni sufuria zima la maharage, ulimpa kuweka chumvi mwishoni, aone chakula kimeiva mkononi mwake. Nilikuelewa. Sikukupenda zaidi kwa hilo.

Kuna Jumapili moja ambayo wewe hukuwahi kuitaja tena, nami nakushukuru. Nilikuwa nimechelewa gari la kurudi Makambako, nikataka kumwacha mtoto wangu amevaa vizuri kwa mkono wa mama yake. Nikapiga magoti, nikavifunga vifungo vyote vitano haraka haraka. Brightness alinitazama tu. Nilipomaliza akavifungua, kimoja baada ya kingine, akageuka, akaja kwako.

"Shangazi, tuanze."

Ukaona haya kwa niaba yangu. Ukamwambia, "Leo anza na mama." Akatikisa kichwa. Ukamwambia tena. Akakaa chini.

Nililia kutoka Njombe hadi Makambako. Mama aliyekaa jirani yangu aliniuliza kuna msiba, nikamwambia ni mafua.

Ulimfundisha kupiga mswaki, kufunga viatu, kwenda bombani na ndoo ndogo na kurudi nayo ikiwa na maji. Juu ya beseni la vyombo ulibandika picha ulizochora kwenye karatasi ngumu: sahani chafu, sabuni, maji safi, kichanja. Uchoraji wako ulikuwa mbaya, sahani zilifanana na viatu, lakini Brightness alizisoma kama Biblia. Alijifunza kuchemsha chai ya maziwa bila kuiacha ifurike. Alijifunza kuwaamkia wazee "Kamwene" na kusema "Sitaki!" kwa mtu asiyemjua akimshika mkono, tena kwa sauti ya kutosha kusikika mtaa wa pili. Yale mambo ya msichana kukua sitayaandika hapa, kwa sababu ana haki ya siri zake kama msichana yeyote. Niseme tu kwamba ulimwandaa mapema, na siku ilipofika hakuogopa, na mimi nikaambiwa baada ya wiki mbili. Najua kwa desturi ile ni kazi ya shangazi. Desturi haikunizuia kununa mwezi mzima.

Halafu kile kikundi chako cha Alhamisi. Ulikwenda semina moja ya wiki mbili, ukarudi ukaomba chumba pale kanisani, ukawakusanya walezi wa watoto wenye hali kama ya Brightness kutoka Yakobi na kwingine. Akina mama waliokuwa wakifungia watoto ndani wakawatoa. Mlipeana zamu: mama mmoja akihitaji kwenda hospitali, au kulala tu mchana mmoja kama binadamu, mwingine anabaki na mtoto wake. Mlikaa mkaonyeshana kwa vitendo jinsi ya kumshika mtoto kiwiko badala ya kumshikia kijiko. Na wewe, uliyekuwa huna mtoto tumboni wala mgongoni, ndiye ulikuwa mwalimu wa akina mama. Nilijiuliza ni nani aliyekupa ruhusa.

Nilikuja Alhamisi moja, nimevaa vizuri makusudi. Nikasimama kujitambulisha: "Mimi ni Mama Brightness, natoka Makambako."

Margareth, ambaye binti yake mdogo alikuwa rafiki wa Brightness, akashangaa waziwazi. "Mama Brightness yupi tena? Si huyu hapa?" Akakuonyesha wewe.

Chumba kizima kikacheka. Kumbe kwa miaka yote ile hakuna aliyekuita Oktavia. Wewe hukucheka. Ulisema, "Huyu ndiye. Mimi ni shangazi yake." Ulisema wazi, mara mbili, lakini nilipokuwa natoka nikasikia mtu nyuma yangu anaita, "Mama Brightness, ufunguo huu hapa," na aliyegeuka ni wewe.

Moyo ulipoanza kukusumbua na miguu ikavimba, nilikuja kukuuguza. Sikuwa na kazi ya kufanya. Nilifika saa mbili asubuhi nikakuta umeegemezwa mito, na Brightness, mwenye miaka kumi na mitatu, amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji alioupika mwenyewe. Anachota, anapuliza, anasubiri umeze, anakufuta kidevu, anachota tena. Hakumwaga hata tone. Alinikaribisha, "Mama, kaa," akaendelea na kazi yake.

Nilisimama mlangoni na begi langu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi niliwaza: mimi nimemlisha huyu mtoto miaka saba, na leo anayelishwa naye ni Oktavia.

Siku hiyo mtoto alipokwenda kuosha bakuli nikakaa karibu nawe, ukanishika mkono. "Yunisi, nikiondoka usimrudishe nyuma." Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu mimi peke yangu. Hukusema kwaheri wala hukuniombea. Uliniachia amri, wifi, na bado ilihusu yeye.

Tukakuzika. Nikamchukua mtoto wangu kwenda Makambako, na sasa nisikilize, maana hapa sina pa kujificha. Nilifurahi. Nilikulilia kwa dhati, na ndani ya kilio hicho nilifurahi. Hatimaye alikuwa wangu. Nilimvalisha kila asubuhi. Nilimfunga vifungo, nilimfunga viatu, nilimlisha hata pale alipotaka kushika kijiko. Alipoelekea jikoni kuchemsha chai nilimwambia, "Kaa mwanangu, mama yupo." Mara ya kwanza alibisha. Mara ya tano aliacha. Lameki aliniambia, "Mke wangu, unafanya nini?" Nikamwambia mtoto yuko msibani, anahitaji kubembelezwa.

Wiki ya saba, asubuhi, niliingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani na nguo za kulala, amenyoosha mikono yote miwili mbele, anasubiri. Uso wake haukuwa na huzuni wala furaha. Nikaliweka sweta mapajani mwake, nikamwambia, "Haya, vaa." Akaligeuza. Akakishika kifungo, akakiachia. Hakukumbuka aanzie wapi.

Nilitoka nje nikampigia Margareth, kwa sababu sikuwa na mwingine. Nikamwambia, "Margareth, nimemharibu." Hakuniuliza nani. Alikuja kesho yake kutoka Njombe, akaacha viazi vyake shambani, akakaa na mimi siku tatu. Hakunihurumia sana.

"Anza na cha mwisho," aliniambia. "Na mikono yako iweke mbali."

"Siwezi. Nikimwona anahangaika roho inanitoka."

"Unafikiri Oktavia aliweza?" Margareth aliweka kikombe chini. "Siku za kumfundisha kufunga viatu alikuwa anaaga anakwenda kuchungulia maharage. Maharage gani? Alikuwa nyuma ya nyumba, amejifunika kitenge usoni, analia kama ametandikwa. Halafu anajifuta, anarudi, anamwambia mtoto, 'Haya, tena.' Alitaka kumvalisha kuliko wewe unavyotaka. Hakumvalisha."

Nilikuwa nimekufikiria miaka yote kama mwanamke mwenye moyo mgumu aliyebahatika kupendwa. Niliposikia kwamba ulilia, nilikuonea wivu hata machozi hayo. Mimi nililia kwa ajili yangu.

Ilichukua miezi mitano kurudisha nilichokivunja kwa wiki saba. Siku nyingine alinirushia kiatu. Siku nyingine mimi ndiye niliyetaka kukirusha. Nimebandika picha juu ya beseni, na sahani zangu zinafanana na sahani. Chai anapika. Ndoo anabeba. Kila Jumanne tunakutana nyumbani kwangu walezi saba wa hapa Makambako, tukipeana zamu, na Margareth huja akipata nafasi kutuambia tunavyokosea.

Limebaki moja. Nililiacha mwisho kwa sababu ni la aibu, na Lameki akilisoma atataka lifutwe.

Siku ya maziko yako, wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Kwa ule mwandiko wangu mzuri. Nikaandika ulikozaliwa, ulikosoma, miaka yako ya kazi, ubatizo na kipaimara. Kisha, bila kulazimishwa na mtu, nikaandika: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto." Husomwa hivyo kwa yeyote ambaye hakuzaa, hakuna ambaye angenilaumu. Lakini mimi ninajua kwa nini niliuandika mstari ule na kuurudia kwa kalamu ili usomeke vizuri. Nilitaka Njombe nzima isikie.

Mzee wa kanisa, Lenard, akausoma mbele ya jeneza. Alipofika pale, Brightness, aliyekuwa amekaa pembeni yangu tangu asubuhi, akasimama. Alinyoosha mkono juu kama darasani.

"Na mimi je?"

Mzee Lenard akainua macho kutoka kwenye karatasi. Watu wakainamisha vichwa, wengine walidhani mtoto hajui anachosema. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Na mimi je?"

Nikamshika sweta nikamvuta chini. Nikamwambia, "Nyamaza." Mzee akaendelea kusoma.

Hajawahi kuniuliza tena. Lakini swali lile lilikuwa kwangu, na mwaka mzima nimelala nalo. Wivu haujaniisha, wifi, nisikudanganye. Asubuhi nyingine anaamka analitaja jina lako kabla ya langu, na mimi ninageukia ukutani. Ila mstari ule naufuta leo, mbele ya wote waliousikia, kwa mwandiko uleule.

Wanaokukumbuka ni mtoto wako, Brightness. Kaka yako Lameki. Mdogo wako Ebeneza na familia yake, Ipelele. Margareth na walezi wenzako wa Yakobi. Na mimi wifi yako Yunisi, niliyemzaa.

Siku zote tutakazopewa kuishi, tutakukumbuka.